Spika kwanza, ampu baadaye

Kaka, umeuliza ubadilishe spika au ampu (amplifaya, ile mashine inayoipa spika nguvu): kama pesa inatosha kitu kimoja badilisha spika, hiyo ampu yako ya wati 50 iache. Kutoka wati 50 mpaka 100 unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio linaona sauti imepanda kidogo basi, lakini ukitoa spika ya desibeli 87, yaani sauti inayotoa kwa wati moja ukiwa mita moja, ukaweka ya 90 unapata ongezeko hilo hilo kwa ampu ile ile, na juu yake ukichagua spika nzuri sauti yenyewe inakuwa safi maana spika ndo inaamua unachosikia. Hiyo namba ya desibeli huandikwa nyuma ya spika au kwenye boksi, na zile wati elfu mbili elfu tatu wanazobandika mbele usizifuate, tafuta palipoandikwa RMS, ndo wati za kweli inazohimili muda wote.

Mie natengeneza spika hapa Lamu, nyingi zinazoletwa zimeliwa ile sponji inayozunguka koni (ule uso wa spika unaotikisika), unyevu wetu huu na joto haviiachi, unaigusa inamumunyuka. Kwa hivo hasa ukinunua mtumba chukua yenye raba pale ukingoni, ibonyeze kwa kidole uone.

Ila angalia om, kile kipimo cha spika inavyozuia umeme. Ampu ikiandikwa om 8 pekee usiifunge spika za om 4, itapata moto na inaweza kuungua kabisa. Na nyumba zetu hizi za mawe usizigandamize spika pembeni ya chumba, besi itavuma mpaka maneno ya mwimbaji usiyapate, zivute mbele kidogo.