Binti wa miaka 15 anayetaka kutoboa gegedu la sikio
Ndugu mzazi, ombi la binti yako wa miaka 15 linanitia wasiwasi zaidi kwa mahali alipopachagua kuliko kwa umri wake, kwa kuwa gegedu, yaani sehemu ngumu ya juu ya sikio, hupata damu kidogo, huchukua miezi kadhaa, pengine mwaka mzima, kupona, na likiingiwa na vijidudu linaweza kuharibika umbo daima. Ndewe, sehemu laini ya chini ya sikio, hupona kwa takribani wiki 6, ningeanzia hapo. Mtoboaji atumie sindano mpya iliyofunguliwa mbele yenu, kwani iliyokwisha kutumika inaweza kuambukiza homa ya ini, wala asitumie bastola ya kutobolea, ambayo huponda gegedu. Akitaka tatuu pia, isubiri afikishe miaka 18: kuifuta kwa leza huhitaji vikao vingi vyenye maumivu, na mara nyingine alama hubaki.