Kwa walimu wapya wa sekondari: sikilizeni wanavyosema kuhusu vichwa vyao

Ninyi wa ajira mpya mnaoripoti Bahi, Chamwino au Kongwa, wiki haitaisha kabla hamjaambiwa nani kipanga na nani kilaza. Watakaowaambia ni wanafunzi wenyewe, tena bila kuulizwa. Msiuchukulie kuwa utani wa darasani tu; nyuma ya majina hayo kuna imani kuhusu akili inavyofanya kazi. Mwaka 1993 Marlene Schommer wa Marekani alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa sekondari: walioamini kwamba mtu huelewa papo hapo au haelewi kabisa ndio walioelekea kuwa na wastani wa chini wa alama. Mwaka 1989 mtafiti wa ufundishaji wa hisabati, Alan Schoenfeld, naye aliwauliza wanafunzi wangehangaika na swali la hisabati kwa muda gani kabla ya kuamua kwamba haliwezekani. Wastani wa majibu ulikuwa kama dakika 12.

Na sisi walimu ndio tunaowazoesha kuamini hivyo. Tunauliza swali, mkono wa kwanza kunyooshwa ndio tunaouita. Ubaoni tunakokotoa bila kusita, kwa sababu swali tulishalifanya nyumbani. Aliyekaa nyuma anaondoka akijua kwamba mwenye akili hakwami.

Kidato cha kwanza ndiko shughuli ilipo. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nyumbani pengine wanaongea Kigogo, leo anakutana na baiolojia kwa Kiingereza. Swali lenyewe halisomeki, naye anajihukumu kwamba hana kichwa. Kabla hujakubaliana naye, mwulize kwa Kiswahili. Mara nyingi jibu analo.

Ila imani si dawa ya kila kitu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Sisk na wenzake mwaka 2018 ulikuta kwamba uhusiano kati ya kuamini kuwa akili hukua na ufaulu ni mdogo. Tena alama mbovu nazo huzaa imani mbovu. Na aliyetembea kutoka mbali bila chai hahitaji mhadhara wa kujiamini. (Mabango ya "Unaweza!" ukutani siyapendi.)

Mimi kwenye vipindi viwili mfululizo hutoa swali moja refu, kisha nawaacha wahangaike. Wakati mwingine naomba swali kutoka kwao nisilowahi kuliona, nakwama nalo ubaoni huku nikisema ninachofikiri. Na kwenye daftari siandiki alama mpaka masahihisho yafanyike. Wataguna, hasa vipanga.