Kwa Wadogo Zangu Wanaotetea Miradi kwa Kiingereza

Juma lililopita niliketi nyuma ya ukumbi hapa Kisumu nikiwasikiliza wanafunzi wa mwaka wa nne wakitetea miradi yao, na mara tatu nilijizuia nisisimame, kwa maana makosa niliyoyasikia ni yale yale niliyoyafanya mimi.

1. Msikariri. Anayekariri akikatizwa kwa swali hupoteza uzi wote.

2. Jihadharini na swali la kukanusha. Mradi wangu ulihusu maji ya visima vya mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu, na kabla ya kuchota sampuli yoyote nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba sahihi za wenye visima. Nyanya mmoja asiyejua kuandika aliweka alama ya kidole gumba, akaniombea heri. Siku ya kutetea, mtahini mmoja akauliza kama sikuomba idhini. Kwa Kiswahili, ukiulizwa "Hukuomba?", unajibu "La, niliomba", kwa sababu unayapinga maneno ya muulizaji; lakini Kiingereza hulijibu tendo lenyewe, hivyo "no" ni kukiri kwamba hukuomba. Nikasema "no", tena kwa uhakika kabisa, kisha nikanyamaza, kwa kuwa niliogopa nikiongeza sentensi ningechanganya nyakati za vitenzi. Jopo likaandika. Fomu zilikuwa mkobani, hatua mbili kutoka niliposimama. Alama za maadili ya utafiti sikupata hata moja, lakini kilichoniliza ni kumkumbuka yule nyanya: nilikuwa nimetangaza mbele ya watu kwamba sikumwomba. Kwa hiyo tajeni tendo: niliomba, walikubali, fomu hizi hapa.

3. "Yeye" ya Kiswahili na "en" ya Dholuo, lugha ya Wajaluo, hazibagui mume na mke, ndiyo maana "he" na "she" hupishana ulimi unapochoka. Semeni "mkulima" au "muuguzi" kwa Kiingereza chake, mwendelee.

4. Dholuo haina sauti ya "sh", na aliyesema "fis" badala ya "fish" (samaki) Jumanne alikatizwa kwa kicheko hadi akasahau matokeo yake. Nyinyi mliocheka, acheni jambo hilo. Kiswahili kina vokali 5 tu, na wengi wenu mlitamka "ship" (meli) na "sheep" (kondoo) bila tofauti yoyote, wala hakuna aliyewacheka.

Wanaotetea Alhamisi waje Jumatano jioni tufanye mazoezi. Nitauliza kwa ukali, na fomu zenu nitataka kuziona mkononi.