Gemu likihamia duka jingine, uliza washikaji kwanza

Mwaka 2019 nilikuwa na kompyuta ya mtumba kutoka Kariakoo, diski ya GB 500, na kiherehere. Gemu nililolisubiri miaka miwili (jina nalihifadhi) likatangazwa kuuzwa kwenye duka moja tu la mtandaoni, na si lile lenye magemu yangu yote. Nikanuna, kisha nikalinunua hukohuko, siku ya kwanza, bei kamili. GB 60 na ushee kwa bando la usiku! Usiku wa tatu naamka alfajiri nakuta limegota asilimia 71, bando kwisha. Nilipolifungua hatimaye, washikaji wangu wote wa Sinza walikuwa wamegoma kulinunua. Nikacheza peke yangu kama mkiwa.

Kugoma kwao nilikuelewa. Mwezi Januari mwaka huo gemu la Metro Exodus liliondolewa Steam, duka la magemu la mtandaoni, na kupelekwa duka pinzani, Epic, wiki chache tu kabla ya kutoka tarehe 15 Februari. Waliokwisha kulipia Steam walipewa lao, wengine wote wakahamishwa. Watu wakawaka, wakayashushia maoni mabaya magemu ya zamani ya Metro. Gemu la Borderlands 3 lilipofuata kwenda Epic, wakaishukia Borderlands 2. Hapo mimi siko nao: gemu la 2012 limekosa nini? Na mtengenezaji ana hesabu zake. Wakati ule, kwa gemu la dola 60 Epic ilikata asilimia 12, yaani dola 7.20, na Steam kwa kawaida asilimia 30, yaani dola 18. Ungekuwa wewe ungeuzia wapi?

Sasa, mdogo wangu, kabla hujatoa hela tazama mkataba wa kuuzwa duka moja tu unaisha lini. Metro Exodus lilirudi Steam Februari 2020, Borderlands 3 Machi. Anayesubiri hukuta kasoro nyingi zimesharekebishwa, na mara nyingi bei imeteremka. Kama ni la kucheza kwa kundi, uliza kwenye grupu lenu la WhatsApp kabla ya kulipa. Mimi sikuuliza.

Ila usilisusie duka lenyewe, maana vya bure havina kinyongo. Mei 2020 Epic waligawa GTA V bure. Nikalidaka kwa simu nikiwa kwenye daladala ya Mbezi, likakaa kwenye akaunti yangu hata kabla sijawa na bando. Kulishusha kulinila wiki mbili, usiku kidogo kidogo. Safari hii Sinza nzima ilikuwemo.