Watoza Ushuru wa Bahari katika Dola la Bizanti

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni wakala wa forodha hapa Kurasini, Dar es Salaam. Je, katika Dola la Bizanti ni maofisa gani waliosimamia biashara ya baharini na ushuru wake?

JIBU: Ndugu msomaji, waliojulikana zaidi ni makomerkiario, ambao mihuri yao ya madini ya risasi ya karne ya 7 na ya 8, mingi ikiwa na sura ya mfalme, imetufikia kwa wingi na kwa maoni yangu ni hazina kubwa kwa mtafiti wa forodha. Baadaye walitoza komerkio, yaani asilimia 10 ya thamani ya bidhaa. Katika jiji la Konstantinopoli (Istanbul ya leo), mji mkuu wa dola hilo la Roma ya Mashariki, alikuwapo pia parathalasite, aliyesimamia mambo ya pwani na vyombo vya baharini.

Vituo vikuu vilikuwa Abydos, kwenye mlango-bahari wa Dardaneli, na Hieron, karibu na Bahari Nyeusi. Kwa kuwa meli hazikuwa na njia nyingine ya kufika mji mkuu, kukwepa ilikuwa vigumu. Mfalme Justinian aliweka forodha hapo katika karne ya 6, naye malkia Irene akapunguza ushuru wa vituo hivyo mwaka 801.

Mwaka 1082 Mfalme Alexios I, akihitaji manowari dhidi ya Wanormani, wavamizi waliotoka kusini mwa Italia, aliwasamehe wafanyabiashara wa Venice komerkio yote, huku wenyeji wakiendelea kulipa, jambo ambalo naliona kuwa dhuluma kwao.