Jibu: Kulipia nyongeza ya kutoboa ganda la kiinitete

Dada wa Masasi, umeuliza kama kwenye IVF (yai kurutubishwa maabara, kisha kupandikizwa) mlipie leza ya kutoboa ganda la kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua, ili kijishikize vizuri tumboni. Mimi nisingekimbilia, tafiti hazijathibitisha kwamba inaongeza watoto wanaozaliwa. Waulizeni kliniki kwanza kama maabara yao inakuza viinitete hadi siku ya 5 baada ya kurutubishwa. Vingi hukwama baada ya siku ya 3, kwa hiyo vinajichuja vyenyewe: kinapandikizwa kimoja kilicho bora, vilivyobaki vinagandishwa kwenye naitrojeni, nyuzi -196. Ila mayai yakiwa machache, huenda kisifike hata kimoja (yalitukuta, tukarudi Mtwara na basi kimya kimya). Kupandikiza vitatu kataeni, mimba ya mapacha ina hatari zake. Na shemeji apimwe mbegu kabla hamjagusa hela ya korosho.