Mgeni Aanzie Angani: Kusimamia Banda la Simuleta ya Ndege Iliyotengenezwa kwa Kujitolea

Mgeni akikalia kiti cha banda lako la maonyesho ajaribu simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji wa ndege, usimwanzishie chini. Wengi wanaoonyesha simuleta za ndege humweka mtu mwanzoni mwa njia ya kurukia, injini imezimwa, kisha humfundisha kuiwasha. Muda wake wote unaishia kwenye swichi, foleni nyuma yake inapungua, naye anaondoka hajaruka. Mimi humweka hewani moja kwa moja: kilomita 5 na nusu kutoka uwanjani, futi kama 950 juu ya ardhi, pua ya ndege imeshaelekezwa kwenye njia na injini inanguruma. Kwa ndege ndogo ya Cessna 172 inayokwenda kilomita 130 kwa saa, amebakiwa na dakika mbili na nusu atue. Zinatosha kuusikia usukani, kuyumba, kujirekebisha na kugusa lami. Akishatua, hata kwa kishindo, huinuka na swali mdomoni. Banda zima lipo kwa ajili ya swali hilo.

Nazungumzia FlightGear, simuleta ya bure inayotengenezwa na watu wanaojitolea, ambayo nimekuwa nikisaidia kuionyesha hapa Uholanzi ninakoishi, hasa kwenye FSweekend, maonyesho ya wapenzi wa simuleta katika makumbusho ya ndege ya Aviodrome, mjini Lelystad. Si mahali pepesi kwa programu ya bure. Makumbusho yenyewe yana Boeing 747 nzima iliyostaafu ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, na mabanda ya jirani ni ya wafanyabiashara wenye vyumba kamili vya rubani na skrini zinazomzunguka mtu. Ukienda pale kushindana kwa uzuri wa picha, umeshindwa kabla hujafungua mlango. Simuleta ya Microsoft iliyotoka 2020 inatandaza picha za satelaiti za dunia nzima kutoka kwenye kompyuta za kampuni hiyo. Hatuna hizo kompyuta. Tulicho nacho ni kwamba kila kitu kilicho kwenye skrini yetu kinaweza kufunguliwa na kurekebishwa na yule aliyekaa kwenye kiti.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa unaweza kuonekana wa ajabu: usifiche kasoro. Zionyeshe.

Siku moja alifika mama mmoja wa makamo na kijana wake. Nilisikia Kiswahili, nikamwamkia. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hiki chombo kinaweza kunipeleka nyumbani? Nyumbani wapi? Moshi. Nikampangia ndege iingie uwanja wa Kilimanjaro kutoka magharibi. Ukiukaribia hivyo, mlima unakuwa mbele kushoto, na ukiwa chini kiasi kile kilele cha Kibo kinakutazama kutoka juu sana. Umbo la mlima ni sahihi, kwa sababu vipimo vya miinuko vilichukuliwa kwa rada kutoka angani, katika safari ya chombo cha Marekani cha Februari 2000, na vikatolewa kwa umma. Mama alinyamaza kidogo, halafu akanyoosha kidole kwenye miteremko ya chini: “Hapa hapakuwa hivi. Hapa ni migomba na kahawa. Vihamba vya watu hivi, mbona mmeweka nyasi?”

Alikuwa na haki kabisa. Nilimweleza kijana wake sababu. Simuleta huotesha miti na nyumba yenyewe, kwa kufuata ramani inayosema ardhi hii ni msitu, hii ni shamba, hii ni mji. Kwa Ulaya ramani hiyo imetokana na data ya CORINE, ramani ya Umoja wa Ulaya ya aina za ardhi, ambayo ni ya kina. Kwa sehemu kubwa ya Afrika ilitokana na ramani ya dunia ya zamani iliyo butu zaidi. Ndiyo maana Uholanzi inapendeza na Uchagani panaonekana pakavu. Hakuna aliyewadharau watu wa Moshi. Ni kwamba bado hajatokea mtu anayepajua akakaa chini kupachora. Kijana akauliza anaanzia wapi. Tukasogea pembeni na kompyuta ndogo, nikamwonyesha.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwenye banda la programu huria msemo huu una kazi. Banda la kampuni likiambiwa kasoro, hujitetea. Letu likiambiwa kasoro, limepata fundi. Ndiyo sababu naamini kiwanja cha kwanza cha kumpa mgeni ni cha kwao, hata kama mandhari ya huko ni duni kuliko ya Uholanzi. Anayetoka Dar es Salaam nitampeleka Dar es Salaam. Tena pale nina hadithi nzuri ya kumsimulia: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi na wakazi wa mitaa kwenda kuchora nyumba, barabara na mifereji kwa ajili ya kukabiliana na mafuriko, na kazi yao ikaingia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na yeyote anayetaka. FlightGear ina zana inayosoma ramani hiyo na kusimamisha majengo kutokana nayo. Aliyechora mfereji wa Tandale hakuwa anafikiria ndege hata kidogo, lakini kazi yake inaweza kuonekana kutoka angani.

Sasa maandalizi, na hapa sitarefusha. FlightGear huvuta mandhari kwenye intaneti kadiri unavyoruka, na intaneti ya ukumbi uliojaa watu hulemewa. Pakua mapema. Mandhari hupangwa kwa miraba ya nyuzi 10 za latitudo kwa 10 za longitudo, kwa hiyo orodhesha nchi unazotarajia wageni wake na uchukue miraba yake mizima. Tumia toleo thabiti, na usiruhusu kompyuta ijisasishe usiku wa kuamkia maonyesho. Zima hali ya hewa halisi, maana ukungu wa kweli wa asubuhi utamficha mgeni uwanja wake; weka anga safi na upepo mdogo. Zima pia uharibifu wa ndege, ili mtoto akibamiza magurudumu aweze kuendelea. Kibodi iwe upande wako, kwa sababu Shift na Esc ndiyo inayorudisha safari mwanzo, na utaibonyeza siku nzima. Muwe wawili kila wakati: mmoja kando ya kiti, mwingine kwenye foleni. Anayesubiri ana muda wa kusikiliza, aliyekaa hana.

Watakuja marubani wa kweli. Wapende hao. Hawatazami miti, wanapunguza mwendo mpaka ndege ipoteze nguvu ya kuelea, waone inadondoka vipi. Waache wajaribu, usiongee. Wakiuliza hesabu zinatoka wapi, waambie kuhusu JSBSim, injini ya kukokotoa mwendo wa ndege inayotumiwa na nyingi kati ya ndege zetu. Nayo ni huria, na ilikuwa miongoni mwa programu zilizolinganishwa na NASA katika kazi yake iliyochapishwa 2015 ya kuhakiki simuleta za vyombo vya angani. Rubani akisikia hivyo hubadilisha sauti.

Halafu litakuja swali la pesa. Nani anawalipa? Mnakula nini? Lijibu bila kona. Mwaka 1996 David Murr alipendekeza kwenye intaneti kwamba watu watengeneze simuleta yao wenyewe, kwa kuwa hawakuridhika na zilizokuwa zikiuzwa. Curtis Olson na wenzake wakaibeba, na toleo la kwanza la kutumika kwenye mifumo tofauti ya kompyuta likatoka 1997. Tangu hapo imeendelezwa na watu wenye kazi zao nyingine. Leseni ni GPL: chukua, badilisha, gawa, hata uza, mradi na wewe usimfungie mwenzako mlango. Wapo waliobadilisha jina wakaiuza kwa bei, na mgeni mmoja mmoja atakuambia alishanunua kitu kinachofanana sana na hiki. Mpe anwani ya kupakua ya mradi wenyewe, umwonyeshe kwamba ni bure, usimfanye ajione mjinga.

Na uwe na daftari. Kila kasoro inayotajwa iandikwe hapo hapo mbele ya aliyeitaja: kiwanja gani, upande gani, kinakosekana nini. Ya yule mama niliiandika kwa maneno yake, “vihamba, si nyasi”. Orodha yote itumwe kwa wenzako wa mradi kabla wiki haijaisha, na kila mgeni aliyeridhia atajwe jina kama mgunduzi.